Kigari cha Ubavuni

Mama mkwe wangu hapendi kubebwa. Malaba nzima inalijua hilo isipokuwa mwanawe, aliyetumia miezi mingi na hela za kuezeka jiko langu akitafuta chombo cha kumbebea.

Yote yalianza Januari 2022. Anayeishi kando ya barabara hii hahitaji kukumbushwa. Uganda ilitaka kila dereva wa lori apimwe korona mpakani, tena kwa pesa zake mwenyewe. Madereva wakagoma, na foleni ya matrela ikarudi nyuma kutoka darajani, ikapita Amagoro, ikaifikia Bungoma na kuipita. Ng'ambo petroli ikaadimika mpaka lita moja ikauzwa zaidi ya shilingi 10,000 za Uganda. Upande wetu petroli ilikuwa tele, imelala ndani ya matangi mbele ya mlango wetu, na tanboi mmoja akivuta sigara ubavuni mwake. Mimi nina kibanda cha chapati na ndengu, kwa hiyo sitajifanya: foleni ile ilininenepesha. Lakini foleni inayokuletea wateja ndiyo hiyohiyo inayokuzibia njia ya hospitali.

Usiku mmoja mama akabanwa na kifua. Tukamwingiza kwenye Probox ya jirani, tukaenda mita mia mbili, tukakwama kati ya lori la saruji na tangi la mafuta. Saa tatu tulikaa pale. Baba Watoto akapiga honi, akashuka, akarudi, akampigia simu kila anayemfahamu forodhani, kana kwamba mgonjwa ni kontena. Kuelekea alfajiri foleni ikasogea kidogo, kisha ikalala tena. Hapo mama akafungua mlango.

"Nishusheni nitembee."

Kilomita iliyobaki aliitembea, mimi nyuma yake na blanketi, akipumzika kwenye kila bampa kama msafiri anayepumzika chini ya miti. Baba Watoto alipofika na gari, mama alikuwa ameshaandikishwa, amechomwa sindano, amekaa kwenye benchi.

"Umechelewa," alimwambia mwanawe.

Neno hilo lilimwingia kama mwiba wa samaki. Siku tatu hakusema lolote. Siku ya nne alinunua daftari jipya.

Mume wangu ni ajenti wa forodha. Kazi yake ni kujua kila kitu duniani kinaitwaje katika kitabu cha ushuru, na maradhi ya kazi hiyo humfuata mtu mpaka nyumbani. Kwetu hakuna ununuzi usio na karatasi. Tulipotaka jogoo, majogoo watatu walipewa alama. Sasa Jumapili baada ya misa akatuita sebuleni, mimi, watoto wanne na mama, akafungua daftari. Mwenyekiti alikuwa yeye, katibu yeye, mwenye zabuni yeye.

"Ajenda ni moja," akasema. "Usafiri wa dharura wa mama."

"Mama yupi?" akauliza mama.

Karatasi ilikuwa na safu tano: bei, mafuta, nguvu ya injini, spea, na starehe ya mgonjwa. Probox ilianguka mapema kwa sababu ya aibu iliyokwisha kutupata. Tuktuk ikaonekana ina tumbo kubwa na roho ndogo. Bodaboda ya kawaida ilipata alama nzuri mpaka tulipofika kwenye starehe ya mgonjwa. Aliye hoi hawezi kujishikilia, itabidi abanwe kati ya dereva na msaidizi kama nyama kwenye kijiti cha mshikaki, na sheria yenyewe inaruhusu abiria mmoja tu.

Hapo akafungua ukurasa wa pili, nikajua kwamba uamuzi ulikuwa umepita zamani na sisi tumeitwa kushuhudia. Ukurasa ulikuwa na mchoro wa pikipiki yenye kigari cha ubavuni. Kigari chenyewe kilikuwa kirefu kama kitanda, kina gurudumu lake na turubai la kumkinga mgonjwa na mvua.

Sitamdhulumu: alikuwa amesoma. Alitueleza kwamba pikipiki za wagonjwa za namna hiyo hutengenezwa Afrika Kusini na zimefanya kazi katika nchi kadhaa za huku kwetu. Kule Mangochi, Malawi, ziliwekwa kwenye vituo vitatu vya afya vya vijijini, zikawa zinawakimbiza hospitalini akina mama waliozidiwa na uchungu. Watafiti wakaandika mwaka 2008 kwamba moja ilinunuliwa kwa bei iliyo chini mara 19 kuliko gari la wagonjwa, na kwamba muda wa kuchelewa ulipungua kwa saa mbili hadi nne na nusu.

"Mara kumi na tisa," akarudia, akinitazama mimi, mwenye jiko lisilo na paa.

Mama alikuwa akimenya njugu. "Hizo pikipiki zilikuwa zinalala wapi?"

"Kwenye vituo vya afya, Mama."

"Na anayeziendesha?"

Baba Watoto akageuza ukurasa mbele, akaugeuza nyuma. "Hilo si jambo kubwa. Yetu nitaiendesha mimi."

Mama akaacha kumenya. Watoto wakatazamana. Huyu ni mtu ambaye miaka yote tuliyokaa pamoja amepanda bodaboda kama abiria tu, tena akiwa amefumba macho.

Aliyoipenda kwanza ni Ural, pikipiki ya Kirusi. Kwa wiki mbili nzima tulilala na kuamka na Ural. Niliambiwa kwamba ilizaliwa wakati wa Vita Kuu ya Pili, Warusi walipouiga muundo wa BMW R71 ya Wajerumani. Niliambiwa kwamba hutoka mji wa Irbit, kwamba ina gia ya kurudi nyuma, na kwamba baadhi yake gurudumu la kigari nalo huzungushwa na injini, hivyo tope haliiwezi. Nikiwa nakanda unga nikaambiwa pia kwamba kigari chake kwa kawaida hukaa kulia. Kisha Februari ile Urusi ikaivamia Ukraine, vikwazo vikaanguka, na mwaka huohuo uunganishaji wa pikipiki hizo ukahamishiwa Petropavl, Kazakhstan. Baba Watoto alilipokea jambo hilo kama msiba.

"Kwa hiyo pikipiki yenyewe imekimbia vita na kuvuka mpaka," mama akasema. "Hiyo angalau ina akili." Kisha akauliza lile ambalo fundi yeyote wa hapa angeliuliza: "Spea zake zinauzwa wapi?"

Hapa Malaba spea za Boxer na TVS utazipata hata kwa muuza nyanya. Pete, klachi, sproketi, cheni, taya za breki, zote zimening'inizwa kwenye vibanda kama mitumba. Ya Ural iliyo karibu iko Kazakhstan. Safu ya nne ikaizika Ural, na Baba Watoto akafikia wazo jingine, ambalo kwa haki lilikuwa na busara: Boxer ya 150 iliyotumika, na kigari cha kuunganishwa.

Kigari alikipata kwa dalali wa ng'ambo, ambaye alisema kilitoka Sudan Kusini, kwenye mradi uliokwisha. Siku ya kukivusha, ndugu zangu, sijawahi kumwona mume wangu amependeza hivyo. Maofisa walikuwa wakijiuliza kile ni nini, tela, kitanda au jeneza, naye akasimama mbele ya kaunta akakohoa.

"8711," akasema. "Pikipiki, ziwe na vigari vya ubavuni au zisiwe navyo, na vigari vyenyewe pia. Baiskeli ndizo 8712."

Ushuru ukalipwa mpaka senti ya mwisho, na kigari kikaja nyumbani juu ya mkokoteni wa punda.

Hapa lazima nimtaje jirani yetu, Mzee wa Baiskeli. Ni mmoja wa wale wa mwanzo mwanzo waliosalia. Kila mtu anajua neno bodaboda limetoka mipakani hapa, Busia na Malaba, tangu miaka ya 1960, vijana walipoanza kuwabeba watu kwa baiskeli katika nafasi iliyo kati ya kituo kimoja cha forodha na kingine, wakiita wateja kwa kutaja huko wanakokwenda: boda, boda, yaani mpakani, mpakani. Pikipiki zikaja zikalichukua jina na kazi, wenye baiskeli wakabaki na baiskeli. Yeye hakuiuza. Nyeusi, nzito, keria yenye mto wa ngozi uliopasuka, na kila Jumamosi mama alimtuma mwanangu wa tatu kwake na kichupa cha oili na chapati mbili kutoka kibandani kwangu. Hakunieleza sababu hata siku moja, nami sikuuliza. Mkaza mwana ana mambo ya kuuliza na ya kuacha. Kwenye daftari langu la mauzo nilikuwa naandika: chapati mbili, hasara.

Mzee alipokiona kigari alikizunguka mara moja. "Mgonjwa atakaa upande gani?"

"Upande huu," Baba Watoto akaonyesha.

"Kulia? Huku ambako malori yanakuja?"

Kimya. Sudan Kusini huendesha kulia mwa barabara, kwa hiyo kigari chao hukaa kulia, upande wa ukingoni. Kwetu tunaendesha kushoto. Mgonjwa wetu angesafiri katikati ya barabara, uso kwa uso na kila trela linalotoka Kampala. Karatasi ya alama haikuwa na safu ya kushoto na kulia.

Fundi wa jua kali akakata, akageuza, akachomelea wiki nzima. Nilimheshimu kijana yule. Alilaza mbao mbili ndefu ubavuni mwa magurudumu, moja kwenye pikipiki, nyingine kwenye kigari, akapima mbele na nyuma mpaka gurudumu la kigari likawa linaelekeza pua ndani kidogo. Akalitanguliza mbele ya gurudumu la nyuma la pikipiki. Akaiegemeza pikipiki yenyewe nje kidogo, upande usio na kigari, ili mzigo ukiingia isimame wima. Nyuma akafunga sproketi kubwa zaidi, maana injini ile haikuzaliwa kuvuta kitanda. Kisha akamketisha Baba Watoto juu ya tairi kuukuu akampa somo, nami nilikuwepo nikiwapelekea chai.

"Mzee, sahau pikipiki. Hii hailali kwenye kona, usijaribu kuilaza. Igeuze kwa hendeli kama unapigana nayo. Ukiongeza moto itakuvuta kushoto, kwa kigari. Ukifunga breki itakuvuta kulia, kwa sababu kigari hakina breki, kinataka kuendelea na safari. Ukikata kona ya kushoto na mwendo, kigari kitanyanyuka. Na usiiendeshe tupu. Weka mzigo."

"Nimeelewa," akasema Baba Watoto, naye alikuwa akiandika. Hicho ndicho kilichonitia hofu. Mambo yale hayaandikiki.

Jumamosi ya majaribio mvua ilikuwa imenyesha asubuhi na jua limetoka, mwamba wa Tororo unaonekana ng'ambo kana kwamba umeoshwa. Uwanja ni ule wazi ulio kati ya boma letu na la jirani. Mama aliombwa awe abiria wa kwanza. Alikitazama kile kitanda, akalitazama turubai la buluu alilochaguliwa, akasema, "Nikifa mtanilaza humo. Leo nipo." Basi badala yake tukalaza gunia la mahindi la kilo tisini, tukalifunga mikanda, na binti yangu wa pili akalifunika leso lisipate baridi.

Kwa jirani, chini ya mwembe, wazee sita walikuwa wameketi kuzunguka mtungi wa ajon, mirija mirefu midomoni, maji ya moto kwenye birika pembeni. Jumamosi hiyo walikuwa na mazungumzo ya mipaka ya shamba, yale yasiyokwisha. Walitusalimu kwa nyusi, maana mtu hautoi mrija kinywani bila sababu.

Mzunguko wa kwanza aliufanya kwa mkono wa kulia, polepole, na wote tukapiga makofi. Hata mama aliinua kidevu. Makofi yakampanda kichwani. Akaongeza moto, akageuza kushoto.

Kigari kikanyanyuka. Nililiona gunia likipaa taratibu, limejifunika leso, kama bibi arusi anayeinuliwa na mashemeji. Watoto wakashangilia, wakidhani ni mchezo. Baba Watoto akaliona gurudumu la tatu likiwa hewani usawa wa bega lake, na kama mtu yeyote aliyezoea kuwa abiria, akafumba macho na kufunga breki.

Kigari kikashuka kwa kishindo, na kikataka kuendelea na safari. Pikipiki ikavuta kulia, sawasawa na ilivyoandikwa kwenye daftari. Kulia palikuwa na mwembe, na chini ya mwembe palikuwa na wazee sita.

Nimeishi na Waiteso miaka kumi na minane, mimi Mbukusu wa watu, lakini siku hiyo ndiyo nilijua heshima yao kwa ajon. Walisimama wote kwa pamoja, wakaruka nyuma kwa pamoja, na hakuna hata mmoja aliyeuachia mrija. Mtungi ulipasuka ukiwa umebaki peke yake, mirija sita ikining'inia midomoni juu ya tope la ulezi. Baba Watoto alirushwa upande mmoja, kifundo cha mguu kikatoa mlio kama ukuni mkavu. Gunia halikudondosha hata punje. Kama mgonjwa angekuwa mahindi, chombo kile kingepata alama zote.

"Mguu wake au mtungi?" nilimsikia mzee mmoja akiuliza.

"Vyote," akajibu mwingine kwa uchungu, naye alikuwa akiutazama mtungi.

Tukamfunga mguu kwa ubao na vitenge. Aliyeomba kulazwa ndani ya kigari ni yeye mwenyewe. "Kimenunuliwa kwa kazi hii," alisema, jasho likimtoka, na mke ana moyo wa aina gani wa kumkatalia mtu neno kama hilo? Gunia likashushwa, mwenye boma akapanda. Kijana wa steji akashika hendeli, na kwa kweli kijana yule aliiendesha vizuri. Walitoka uwanjani kama msafara wa mkuu wa kaunti. Wakafika barabarani.

Barabarani palikuwa na foleni. Haikuwa ya Januari ile, ilikuwa ya kawaida tu, ya Jumamosi. Ila madereva wawili watatu wenye haraka walikuwa wametoka kwenye mstari wakaanzisha wa pili, wengine wakaanzisha wa tatu, na lami yote ikajaa. Kilichobaki ni njia nyembamba kati ya matrela na mtaro, ile ambayo bodaboda hupita zikiwa zimebana viwiko. Kijana akaingia. Mita thelathini mbele, gurudumu la pikipiki likawa linasugua tairi la trela, na gurudumu la kigari likawa linaning'inia juu ya mtaro. Mbele hapaendeki, na Boxer haina gia ya kurudi nyuma.

Matanboi wakashuka. Wakapima kwa mikono, kwa shubiri, kwa kamba ya turubai. Mwanangu wa tatu akachungulia kwenye kigari.

"Baba, kwenye karatasi hukuweka upana."

Hilo ndilo lililomliza, mguu haukumliza.

Bodaboda zilikuja nne. Lakini mguu wake ulikuwa umenyooka kama mpini, na kwenye pikipiki mpini haukunjiki: mbele yako pana mgongo wa dereva, pembeni pana ekzosi ya moto na taa za malori. Wakati vijana wakibishana, nikasikia kengele ya baiskeli.

Mzee hakusema kitu. Aliegemeza baiskeli yake kwenye trela, akaukung'uta mto wa keria, akatuagiza tumwinue. Tukamkalisha kwenye keria. Mguu ukalazwa juu ya tandiko na kufuata bomba mpaka kwenye hendeli, ukafungwa hapo kwa mpira wa tyubu. Baiskeli isiyo na mpandaji, mzee akiisukuma kwa miguu, mkono mmoja kwenye hendeli na mwingine mgongoni kwa mgonjwa. Upana wake wote ulikuwa mabega ya mtu mmoja. Nikamsikia akinong'ona, kama anayezungumza na chuma chenyewe: "Huyu si mgeni kwenye keria hii."

Nilidhani ni uzee.

Na mbele ya msafara alikwenda mama, kifua na vyote, fimbo mkononi. Kila alipofika kwenye lori lililotoa kioo chake nje, aligonga mlango. "Kunja kioo! Kuna mtoto wangu nyuma!" Madereva, wanaume wenye ndevu waliotoka Mombasa bila kusalimu amri ya mtu, walikunja vioo. Trela moja baada ya jingine, vioo vikawa vinajikunja mbele ya mwanamke mmoja mfupi. Mtu akitaka kujua gari la wagonjwa linahitaji king'ora cha namna gani, aje aniulize.

Baba Watoto alikuwa amefumba macho kama kawaida yake. Katikati ya safari alifumbua moja, akaitazama hendeli iliyo chini ya kisigino chake, akasema kwa sauti ya mtu anayekata roho:

"8712."

Mbele ya foleni tulipata gari, likatufikisha hospitalini, na daktari akasema mfupa umepasuka, plasta wiki sita. Benchi mama alikaa lilelile la Januari.

Usiku huo, mguu umening'inizwa, aliniomba daftari. Akaisoma tena habari ya Malawi, polepole, safari hii bila kuruka. Baadaye akalifunga. "Huko pikipiki ilikuwa inamngojea mgonjwa kituoni," akasema. "Mimi nilitaka kuileta hapa, iwe inamngojea dereva." Sikumjibu. Mtu akijihukumu vizuri hivyo, kumwongezea ni uchoyo.

Wazee nao walikaa, na hukumu yao haikuwa na rufaa: mtungi mpya, ulezi, na ajon ipikwe na kunywewa bomani kwetu. Siku ya kulipa, boma lilijaa. Kigari kilikuwa kimeshatenganishwa na pikipiki. Boxer nilimkodisha kijana wa steji, na sharti ni moja, kwamba usiku inalala kwetu, naye analala chumba cha nje. Turubai la buluu liko juu ya jiko langu, na halivuji. Kitanda chenyewe kiliwekwa kando ya mtungi, Baba Watoto ameketi humo na plasta yake mbele, mrija mkononi, na bado naamini kwa starehe ya mgonjwa kile chombo hakina mpinzani.

Mzee wa Baiskeli alipewa nafasi iliyo karibu na mama. Jua lilipokaribia kuzama nyuma ya Tororo, mama akauonyesha ule mwamba kwa mrija wake.

"Huko ndiko tulikotoka nawe," akamwambia mwanawe.

Hatukuwahi kusikia. Marehemu baba mkwe alikuwa na kazi kwenye kiwanda cha saruji cha Tororo, hilo tulijua. Ambalo hatukujua ni la Machi 1979. Wapinzani wa Amin walipoishambulia kambi ya Tororo na risasi zikalia siku mbili, tatu, mume hayupo, yeye akiwa na mimba ya miezi minane, alitoka na kitenge na chumvi. Magari yalikuwa ya wenye bunduki. Barabara kuu ilikuwa ya wenye bunduki. Kijana mmoja mwenye baiskeli, aliyekuwa akibeba watu hapa mpakani, alikuwa amenaswa huko kama yeye. Akamkalisha kwenye keria, akashika njia ya kandokando ya reli, na usiku kucha akasukuma. Hakupanda hata mara moja, kwa sababu mteremko ungemtikisa mtoto. Alfajiri wakavuka mto. Mtoto akazaliwa upande huu baada ya wiki tatu.

Mirija ilikuwa imetulia. Baba Watoto alitazama keria iliyoegemea ukutani, na ule mto wa ngozi uliopasuka.

"Mama, mbona hukuniambia? Miezi yote hii nikihangaika?"

"Hukuniuliza. Uliniuliza rangi ya turubai."

Akageuka kwa mzee, na ajenti aliye ndani yake hakuweza kujizuia. Kila mzigo uliovuka mpaka una gharama yake, lazima iwe imeandikwa mahali.

"Mzee, safari ile alikulipa ngapi?"

Mzee akanyonya ajon yake, akameza bila haraka, akafuta ncha ya mrija kwa kidole.

"Bado analipa," akasema.

Nikakumbuka kile kichupa cha oili, na zile chapati mbili.